Betri Ikifa Mara ya Pili, Kuna Anayeiua

Hotuba mbele ya madereva wa teksi na mafundi wa magari, Mombasa

Bwana mwenyekiti, mafundi wenzangu, madereva, na nyinyi mlioketi kule karibu na mlango kama watu wenye abiria anayewasubiri: asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya betri za magari ya haibridi, yale yanayotumia injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, na mwenyekiti ameshanionya nisiwachoshe. Basi nitaanza na lile ambalo mtu akilishika anaweza hata kuondoka zake. Betri ikifa mara moja, huenda ni umri. Ikifa tena baada ya muda mfupi, hiyo haikufa: imeuawa, na aliyeiua bado yumo ndani ya gari. Ukinunua ya tatu kabla hujamjua, umempelekea nyingine aiue. Kazi ya fundi ni kumtafuta kwa mita. Kubahatisha hakumpati.

Lakini kabla ya kutafuta, tujue tunazungumzia betri gani. Gari la haibridi lina mbili. Kuna betri kubwa, ile inayolisukuma gari. Kwenye Prius ya Toyota, kizazi cha pili na cha tatu, ina moduli 28, yaani betri ndogondogo zilizounganishwa, kila moja volti 7.2, kwa hivyo jumla ni volti 201.6. Kwenye Aqua, gari lililoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2011 na ambalo leo mtaani mwetu halihitaji kutambulishwa, moduli ni 20 na volti ni 144. Halafu kuna betri ndogo ya volti 12, ya risasi na asidi, ya ukoo uleule wa betri iliyomo kwenye Probox ya jirani yako. Kwenye Prius imejificha pembeni mwa buti. Kwenye Aqua iko chini ya kiti cha nyuma, na wako madereva waliokalia usukani wa Aqua mwaka mzima bila kujua.

Dereva akiniambia "betri ya haibridi imekwisha", mara nyingi mno ninachokikuta ni hii ndogo. Hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea. Betri kubwa, gari likizimwa, hukatwa kabisa. Ziko rilei, yaani swichi za umeme, zinazoitenga, na rilei hizo huiunganisha tena kwa umeme wa betri ndogo. Kompyuta zote pia huamshwa na betri ndogo. Sasa hii ndogo ikilegea, kompyuta zinaamka nusunusu, hazisikilizani, na dashibodi inajaa taa nyekundu na za njano: breki, usukani, injini, pembetatu yenye alama ya mshangao. Dereva anaona taa za haibridi, anaambiwa anunue betri kubwa, anakopa. Kumbe tatizo lilikuwa kwenye betri ndogo, au kwenye kichwa chake kilichopata kutu.

Jambo la pili ambalo waliotoka kwenye magari ya kawaida hulisahau: haibridi ya Toyota haina starta wala oltaneta kama tulizozizoea. Injini inazungushwa na mota ya umeme kwa nguvu ya betri kubwa. Betri ndogo nayo inachajiwa na konveta, kifaa kinachoshusha volti za betri kubwa hadi karibu 14. Konveta hiyo inafanya kazi pale tu taa ya READY, ile inayoonyesha kwamba gari liko tayari kuondoka, inapokuwa imewaka. Ndiyo maana haibridi iliyozimika haisukumwi. Mnaweza kuisukuma kutoka Mtwapa hadi Kilifi, mtafika mkiwa na miguu imara, gari halijawaka.

Sasa twende Likoni. Foleni ya feri imesimama, jua la saa nane, dereva anaona azime gari asichome mafuta. Lakini anataka redio, anataka simu ichajiwe, na feni ipulize kidogo. Anabonyeza kitufe cha kuwashia bila kukanyaga breki. Skrini inawaka, redio inapiga, dereva ameridhika. Ila READY haipo. Kila kinachowaka pale kinanyonya betri ndogo, na hakuna kinachorudisha hata tone. Akifanya hivyo asubuhi na jioni, na kati ya safari anaendesha vipande vifupi vya mjini, betri haipati nafasi ya kujaa. Hata mpya itasalimu amri.

Liacheni gari kwenye READY, mkiwa P, gia ya kuegesha. Injini itajizima yenyewe, na itajiwasha kila betri kubwa inaposhuka. Mafuta yatakayokwenda hapo ni machache kuliko mnavyodhani. Nimesema P, sikusema N, gia huru. Kwenye N jenereta haizalishi umeme hata injini ikinguruma, kwa hivyo betri kubwa inateremka tu mpaka gari linaanza kulalamika. Wale wanaokaa kwenye N foleni nzima ili "gari lipumzike" wanalichosha. Na tukiwa hapohapo kwenye READY: usiliache gari katika hali hiyo ndani ya gereji iliyofungwa, maana injini itajiwasha bila kukuuliza, na hewa ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye ekzosi haina harufu.

Haya, dereva anaapa kwamba yeye huzima vizuri, anafunga, anaenda kulala, na asubuhi gari limekufa. Tumwamini, tuchukue mita. Mita ya kawaida ya fundi umeme inatosha kuanzia. Asubuhi, kabla gari halijawashwa, pima betri ndogo. Ukipata volti 12.6 hadi 12.8, imejaa. Ukipata 12.2, imebaki nusu. Chini ya 12, usishangae kwamba taa zinacheza. Kisha weka READY, upime tena palepale. Unatarajia karibu 14. Ukiona 12 na kitu, na inazidi kushuka, basi acha kutafuta kinachonyonya usiku. Gari halichaji. Kagua fyuzi kubwa ya konveta, vichwa vya betri, na waya wa hasi pale unapofungwa kwenye bodi. Hewa yetu ya chumvi haimwonei huruma nati yeyote.

Ikiwa inachaji vizuri, ndipo tunapima kile kinachonyonywa gari likiwa limelala. Hapa haraka ndiyo inayoharibu kazi. Fundi anafungua mlango, anaweka mita kwenye waya wa hasi, anasoma ampea 2, anatangaza kwamba kuna shoti. Hakuna shoti. Umefungua mlango, kompyuta zimeamka, taa ya ndani inawaka, gari linatafuta funguo. Lazima ulilaze kwanza. Fungua milango na buti utakayohitaji, halafu kwa bisibisi usukume zile kufuli za mlango zijifunge, ili gari liamini kwamba limefungwa. Usisahau jinsi ya kuziachia baadaye. Funguo ya rimoti ipeleke mbali, si mfukoni mwako. Kisha subiri nusu saa, na mengine yanataka saa nzima. Kunywa chai.

Mkiweza kupata mita ya kubana waya inayosoma mkondo mdogo wa betri, itumieni hiyo, kwa sababu hamkati chochote. Ukikata waya wa hasi ili kuingiza mita, kompyuta zote zinaanza upya, na kile kilichokuwa kimekwama macho usiku kucha kinaweza kulala vizuri mbele yako, kikaamka tena gari likifika kwa mwenyewe. Ikibidi kukata, unganisha kwanza mita kati ya waya na kichwa cha betri, halafu ndipo uutoe waya, mkondo usikatike. Na mtu asiweke READY wakati mita imeunganishwa hivyo, maana fyuzi ya mita itakwenda.

Gari likishalala sawasawa, mkondo wa kawaida ni chini ya miliampea 50. Mengi mazima nimeyaona kwenye 20 au 30. Tufanye hesabu. Chukua betri ya ampea-saa 35, yaani inayoweza kutoa ampea moja kwa saa 35. Gari limeegeshwa Ijumaa jioni, linachukuliwa Jumatatu asubuhi, tuseme saa 60. Kwa miliampea 30 limekula ampea-saa 1.8, haisikiki. Kwa miliampea 300 limekula 18, zaidi ya nusu ya betri mpya. Na ikiwa betri ni kuukuu, imebaki na nusu ya uwezo wake, basi Jumatatu hakuna kitu. Ndiyo maana mtu ananiambia "siku za kazi gari ni zima, linakufa wikendi tu". Kila siku linanyonywa vilevile, ila siku za kazi linawahi kuchajiwa.

Nina mfano wa Aqua moja ya teksi. Ilikuwa imeshawekwa betri mpya mara mbili, na mwenyewe alikuwa ameambiwa kwamba sasa ni betri kubwa. READY, volti 14.1, safi. Baada ya kulala, mita ikasoma miliampea 310. Sikuchomoa fyuzi, kwa sababu kuchomoa na kurudisha kunaamsha kompyuta na unaanza kusubiri upya. Fyuzi nyingi zina vijicho viwili vya chuma mgongoni. Unaweka mita kwenye milivolti, unagusa kijicho kimoja kwa kila ncha. Fyuzi isiyopitisha umeme inasoma sifuri. Inayopitisha inaonyesha sehemu ndogo ya milivolti, na hiyo inatosha. Nikapita moja baada ya moja mpaka nikafika kwenye ile ya redio na taa za ndani, namba zikasimama.

Nikashusha redio. Mnajua magari haya yakitoka Japani redio zake za FM zinaanzia megahezi 76 na nyingi zinaishia 90, kwa hivyo stesheni zetu nyingi hazishikiki. Mtu analetewa gari, kitu cha kwanza anapachikiwa kiboksi cha kupanua masafa, au redio nyingine kabisa yenye skrini kubwa. Ya Aqua ile ilikuwa na skrini, na aliyeifunga alikuwa amekusanya nyaya mbili pamoja, ule wa umeme wa kudumu na ule unaopaswa kuja gari likiwashwa tu, akazifunga kwa utepe mweusi kwenye umeme wa kudumu. Skrini inazima, mwenye gari anaona giza, anadhani redio imelala. Ndani iko macho. Nyaya zilipotenganishwa kila mmoja ukaenda kwake, mkondo ukashuka hadi 30. Betri kubwa haikuguswa.

Baada ya redio, wa pili kwenye orodha yangu ni traka, kifaa cha kufuatilia gari liko wapi. Gari likinunuliwa kwa mkopo, mkopeshaji anafunga traka yake. Mkopo unaisha, gari linauzwa, mnunuzi naye anakopa, inafungwa ya pili, na ile ya kwanza hakuna aliyeitoa. Nimekuta mbili ndani ya gari moja, na mojawapo laini yake ya simu ilishakatwa. Traka isiyopata mtandao haikati tamaa, inaendelea kuutafuta, na huko kutafuta kunakula zaidi. Usiing'oe ya mkopo unaoendelea, utaitwa. Waombe wenyewe waje waipime na waifunge upya. Alamu za kubandika, kamera za dashibodi zinazorekodi gari likiwa limeegeshwa, taa ya buti ambayo swichi yake imelegea: haya yote yapime kwa njia ileile, sina cha kuongeza.

La funguo linataka neno. Rimoti ya kisasa huzungumza na gari bila kubonyezwa. Ukiegesha chini ya dirisha la chumba chako na funguo ukaitundika dirishani hapo, gari linaweza kubaki linaitikia usiku kucha, na betri ya funguo nayo inakwisha upesi. Itundike upande wa pili wa nyumba.

Sasa, umempata muuaji, umemtoa. Je, betri iliyoteswa itapona? Huenda isipone. Betri ya risasi ikiachwa tupu, salfeti inaganda kwenye sahani zake na uwezo hauji wote. Kwa hivyo ichaji taratibu kwa chaja ndogo ya ampea chache, usiku mzima, kisha ipimwe. Ikishindwa, nunua mpya, lakini baada ya kutengeneza. Na ukinunua, angalia unachopewa. Betri iliyokuja na Aqua imeandikwa S34B20R, ya Prius S46B24R. Hizo zimefungwa, na zina mpira mwembamba unaotoa hewa yake nje ya gari. Tunaziweka ndani, walipo abiria. Mtu anakuuzia betri ya kumwagia maji kwa sababu ni rahisi, anaipachika chini ya kiti, gesi ya haidrojeni na mvuke wa asidi vinabaki humo humo na watoto wa watu. Mimi siifungi, hata mteja akinung'unika bei.

Betri kubwa nayo huchoka, siwafichi. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na wengi tunanunua lile linalokaribia kikomo hicho, kwa hivyo betri inashuka meli ikiwa tayari imefanya kazi miaka mingi. Dalili yake ni tofauti na ya betri ndogo. Kipimo kwenye skrini kinapanda kujaa haraka, mlima mmoja tu kinaporomoka, injini inakimbia bila sababu, feni ya nyuma inavuma. Mashine ya kusomea hitilafu inatoa namba P0A80, yaani badilisha betri kubwa. Hata hapo usikimbilie kununua. Fungua data ya kila jozi ya moduli, endesha gari lipande mlima, tazama volti zake. Zikishuka pamoja, ni uchovu wa wote. Jozi moja ikiachwa nyuma kwa volti nzima na zaidi, unajua pa kuangalia. Wakati mwingine si moduli. Ni zile pau za shaba zinazoziunganisha, zimeota kijani kwa unyevu wa pwani, na zikisafishwa na kukazwa kwa nguvu sahihi, tatizo linakwisha.

Wanaobadilisha moduli moja moja, nisikilizeni. Moduli zote zimefungwa mnyororo mmoja, mkondo uleule unapita kwa zote. Ukiweka moja yenye nguvu katikati ya zilizochoka, iliyo dhaifu kuliko zote inayofuata itaanguka baada ya miezi michache, na mteja atarudi akisema umemdanganya. Mwambie mapema kwamba huo ni muda wa kusogeza mbele, umwandikie kwenye risiti.

Na kinachoua betri kubwa kabla ya wakati, katika mji huu, ni joto. Inapozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Sasa tunachukua gari, tunalishonea kava za viti za plastiki nzuri zinazong'aa, na fundi cherehani anaziba tundu lile kwa sababu linaharibu mshono. Au abiria anabana mfuko wa sandarusi pale. Vumbi linamalizia kwenye feni. Leo jioni kila mtu aende akalitafute tundu lake, apitishe mkono. Chujio na feni zisafishwe kila mnapofanya sevisi kubwa, haigharimu kitu.

Mafundi, waya za rangi ya chungwa, zile zinazobeba umeme wa betri kubwa, si za kujaribia. Inveta ya Prius ya kizazi cha tatu, kifaa kinachoandaa umeme wa betri kubwa kwa ajili ya mota, huupandisha hadi volti 650. Zima gari, funguo iwe mbali, toa hasi ya betri ndogo, vaa glavu za kuzuia umeme za volti 1000 ambazo hazina tundu, chomoa plagi ya usalama, ile inayokata betri kubwa, uiweke mfukoni mwako mwenyewe, kisha subiri dakika 10 kapasita, vihifadhi umeme vilivyomo kwenye inveta, zimalize chaji yake. Halafu pima uhakikishe. Kama huna glavu, huna kazi hiyo.

Kuna karatasi za maswali hapa. La kwanza: je, Probox inaweza kuijampu Aqua, yaani kuiazima umeme kwa nyaya iwake? Inaweza, tena kirahisi, maana betri ndogo haizungushi injini, inaamsha kompyuta tu. Kwenye Prius tumia ncha yenye kifuniko chekundu ndani ya boksi la fyuzi mbele, na hasi ishike chuma kitupu cha injini. Buti la Prius linafunguka kwa umeme, kwa hivyo betri ikifa usihangaike nyuma: ndani ya rimoti kuna funguo ya chuma, fungua mlango wa dereva, kisha boneti. Ukigeuza chanya na hasi, hata kwa sekunde, fyuzi kubwa inaungua na inveta inaweza kufuata. Lakini haibridi yako usiitoe kujampu lori. Starta ya lori inavuta mkondo ambao konveta yako haikuumbiwa.

La pili ni la mama mmoja, anasema mwanawe yuko kazini Doha na Prius yake imelala Kisauni. Mama, kila wiki mtu unayemwamini akaiweke READY, nje, pahali penye hewa, kwa saa moja hivi, na asimame hapo. Kuiwasha dakika tano kisha kuizima hakutoshi. Ikiwa hakuna mtu, itolewe hasi ya betri ndogo, buti libaki bila kujifunga. Hilo linaiokoa ndogo. Betri kubwa bado itajishukia yenyewe polepole, na ikishuka mno hakuna starta ya kuiokoa injini, itabidi chaja maalumu ya volti nyingi. Kwa hivyo gari lisikae miezi mingi bila READY.

La tatu linauliza kama ninauza betri. Siuzi.

Mita zangu ziko kwenye meza ile. Walio na magari hapo nje yanayokufa asubuhi, wazime, wafunge, funguo zote wampe katibu akae nazo huku ndani. Baada ya chai yatakuwa yamelala, tutaanza kupima na Aqua nyeupe iliyo karibu na lango.